Ndugu Aliyelia Usiku

Somo letu latoka katika Injili ya Yohana, sura ya 4, mstari wa 1 hadi wa 10. Walio na Biblia karibu wafungue. Wasio nayo watakumbuka habari yenyewe: Bwana Yesu amechoka kwa safari, ameketi kisimani saa sita ya mchana, na mwanamke Msamaria anapokuja kuteka, Bwana anamwomba maji ya kunywa. Yeye ambaye bahari zote ni zake anaomba maji kwa mama asiyemjua. Liwekeni neno hilo moyoni, tutalirudia.

Leo nataka kuwasimulia habari za watawa wa Kikatoliki. Najua wako watakaoguna na kusema, "Pasta wetu amepatwa na nini?" Tulieni kidogo. Siwaiti mvae kanzu ya kahawia na kujifunga kamba kiunoni. Tena mkumbuke kwamba Martin Luther, ambaye sisi Waprotestanti tunamtaja kila mara, yeye mwenyewe alikuwa mtawa wa shirika la Augustino, akiingia nyumba yao huko Erfurt, Ujerumani, mwaka 1505. Mwaka 1521 aliandika kitabu cha kuzipinga nadhiri za watawa, kwa sababu aliona watu wanazitegemea nadhiri hizo mahali pa kumtegemea Kristo. Katika hilo mimi nasimama upande wake. Lakini kukataa fundisho la jirani hakunizuii kutazama jinsi anavyokaa na nduguye mezani.

Watawa ninaowasema ni wale wa Francis wa Assisi. Jina hilo mlilisikia sana mwaka 2013, wakati Papa yule aliyetuzuru Nairobi mwezi wa Novemba 2015, na aliyefariki mwaka 2025, alipolichagua liwe lake. Francis wa Assisi alizaliwa Italia karibu na mwaka 1182, mwana wa mfanya biashara wa vitambaa, kijana wa karamu na nyimbo. Mwaka 1206 alimrudishia baba yake fedha na hata nguo alizovaa, mbele ya askofu wa mji, akaenda kuwa maskini na kuwahudumia wenye ukoma. Mwaka 1208 wenzake wakaanza kumfuata. Wa kwanza alikuwa Bernard, mtu wa mali, aliyegawia maskini vyote alivyokuwa navyo. Katika mji wao watu walihesabiwa kuwa wakubwa na wadogo, nao wakajiweka upande wa wadogo. Shirika lao likaitwa Ndugu Wadogo, na jina hilo wanalo mpaka leo.

Hapo mwanzo walikaa katika kibanda kimoja mahali panapoitwa Rivotorto, chini ya mji. Ndugu mmoja wa shirika hilo, Thomas wa Celano, aliyeanza kuandika maisha ya Francis miaka michache tu baada ya Francis kufa mwaka 1226, anasema kibanda kile kilikuwa kidogo hata ikawa shida kuketi au kulala. Kwa hiyo Francis aliandika majina ya ndugu kwenye boriti, kila mmoja apajue mahali pake pa kuomba na kupumzika. Ninyi mliolelewa katika nyumba ya chumba kimoja, watoto sita chini ya blanketi mbili, hamhitaji kuelezwa. Mnajua jinsi kiwiko cha ndugu yako kinavyoweza kukufundisha uvumilivu kuliko mahubiri.

Basi usiku mmoja, wote wamelala, ndugu mmoja akapiga kelele kwamba anakufa. Wakaamka kwa hofu. Francis akaomba taa iwashwe, akauliza ni nani aliyelia na ana nini. Yule ndugu akakiri: anakufa kwa njaa. Alikuwa amefunga kupita nguvu zake, akaona haya kusema.

Hebu fikirini mngefanya nini. Wengine wetu tungempa mkate, tukamwonya kwa upole juu ya ubishi, tukarudi kulala. Francis aliagiza meza iandaliwe usiku ule ule, kisha akaketi akala pamoja naye, akawaambia ndugu wote nao wale, ili yule mmoja asione haya kula peke yake. Baadaye ndipo alipowafundisha kwamba kila mtu ajue kadiri ya nguvu za mwili wake, kwa maana hazilingani. Kwanza chakula, halafu fundisho. Nimeona makanisa yanayogeuza utaratibu huo.

Iko habari nyingine ya namna hiyo hiyo. Ndugu mmoja aliyekuwa dhaifu kwa ugonjwa alitamani zabibu, wala hakuweza kusema. Francis alilitambua hilo, akamwamsha alfajiri, akampeleka shambani kwenye mizabibu, akaketi chini akaanza kula zabibu yeye kwanza. Yule mgonjwa akala pamoja naye.

Mwaka 1223 Papa Honorius wa Tatu alithibitisha kanuni ya shirika hilo. Si kitabu kikubwa, ina sura kumi na mbili fupi tu. Ndani yake mkubwa wa ndugu haitwi bwana, anaitwa mhudumu. Ndugu wakatazwa kupokea fedha. Wafanye kazi kwa mikono, na wakikosa, waende mlango kwa mlango kuomba chakula bila kuona haya, kwa maana Bwana alijifanya maskini kwa ajili yetu. Mimi sitawashauri mwende kuomba barabarani. Mtume Paulo alishona mahema, na mtu mwenye nguvu afanye kazi. Lakini oneni jambo moja: katika nyumba ambamo kila mtu ameshasimama mlangoni pa mtu mwingine na bakuli mkononi, nani atamcheka mwenzake kwa kuomba?

Wasiojua kusoma walipewa Sala ya Bwana mahali pa zaburi za Kilatini: mara 24 kabla ya mapambazuko, mara 5 kwa masifu ya asubuhi, mara 7 kwa kila saa nne za mchana, mara 12 jioni na mara 7 kabla ya kulala. Jumla ni 76 kwa siku. Mtasema, je, Bwana hakutuonya tusirudierudie maneno ovyo? Alituonya, na onyo hilo ni la Mwanglikana pia anayeisoma sala ya jioni huku akiwaza ng'ombe wake. Sala zetu za Asubuhi na Jioni zenyewe zatoka katika saa zile za watawa. Askofu Mkuu Cranmer alizikusanya zikawa mbili katika Kitabu cha Sala cha mwaka 1549, ili mkulima na mke wake waweze kuomba pamoja na kanisa zima. Mtawa yule asiyejua kusoma alijua kwamba wakati huo huo nduguye shambani anasema maneno yale yale. Mtu akizoea kusema "utupe" mara 76 kwa siku, wala si "unipe", labda siku moja atalisikia neno analolisema.

Sura ya sita ya kanuni hiyo ndiyo hasa iliyonifanya nije hapa redioni. Inawaagiza ndugu kwamba kila mmoja amweleze mwenzake shida yake kwa uhodari bila kuficha, na inasema kwamba mama akimlisha na kumpenda mtoto wa mwili wake, ndugu wa kiroho wanapaswa kutunzana kwa bidii zaidi. Kwa wale waliokwenda kukaa mahali pa upweke ili kuomba, Francis aliandika utaratibu mdogo: wawe watatu, au wanne wasizidi. Wawili wawe akina mama, wengine wawe watoto wao. Mama apike, apokee wageni, alinde utulivu wa mtoto anayeomba. Kisha baada ya muda wabadilishane, mtoto awe mama. Wanaume wenye ndevu, wakiitana mama! Lakini mwenye kupika leo alijua kwamba kesho atapikiwa, na mwenye kuomba leo alijua kwamba kesho mikono yake itanuka moshi.

Msidhani walikuwa malaika. Waligombana juu ya umaskini wenyewe kwa vizazi vingi, hata mwaka 1517, mwaka ule ule wa hoja 95 za Luther, Papa Leo wa Kumi akawatenga kuwa mashirika mawili. Mwaka 1528 wakatokea Wakapuchini, ambao ndugu zao kutoka Uswisi walifika Dar es Salaam mwaka 1921 kufanya kazi ya misheni. Ugomvi wao siwezi kuumaliza mimi. Nimewaletea meza ile ya usiku.

Sasa tuje kwetu. Sisi Wakenya tunajua kutoa. Itisheni harambee ya paa la kanisa, mtaona: jina linatajwa, watu wanapiga makofi, mzee anaongeza kuku, mwenzake anaongeza mbuzi. Sisemi ni vibaya. Makanisa mengi tunamosali yalijengwa hivyo. Lakini ni nani anayesimama kusema, "Kwangu hapana unga"?

Katika parokia moja niliyotumikia alikuwako mama mjane, mwaminifu katika chama cha akina mama, kitambaa chake cheupe siku zote. Hakukosa kutoa katika harambee hata moja. Mwanawe alikuwa nyumbani tangu muhula wa pili kwa kukosa karo, na hakuna mtu kanisani aliyejua. Jirani yake, dada wa kanisa lile lile, alimwona kijana akibeba mawe mahali palipojengwa duka, ndipo akaelewa. Mama alikuwa amekopa kwa simu ili atoe sadaka yake ya harambee, akakopa tena ili alipe mkopo wa kwanza.

Yule jirani hakuja kwangu kwanza, wala hakulitangaza katika mkutano wa akina mama. Alikwenda jioni na sufuria ya githeri, wakala. Kisha akasema, "Dada yangu, mimi nina deni la dukani tangu Pasaka, na mume wangu hajui. Nimechoka kulibeba peke yangu." Alitaja la kwake kwanza. Mama yule alinyamaza kitambo, halafu akaanza kulia, akasema yote. Wakahesabu pamoja usiku ule, madeni ya huyu na ya yule, kwenye karatasi ya daftari la mtoto. Karo ilipatikana kidogo kidogo kwa mikono mingi, na yule jirani alikwenda akamwambia mumewe habari za duka. Sidhani dada huyo amewahi kusikia habari za Rivotorto.

Wengi wenu ninaosema nanyi ni watoto au wajukuu wa uamsho ule ulioanza Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukavuka mpaka huku kwetu. Wazee wetu walitufundisha kuitana ndugu, Mkikuyu na Mluo na Mzungu, na kutembea nuruni. Hata leo katika ushirika mtu husimama akatia nuruni hasira yake, uongo wake, wivu wake, na ndugu humsifu Bwana pamoja naye. Ni neema kubwa. Lakini nimekaa katika vikao hivyo miaka mingi, na nimetambua kwamba ni rahisi zaidi kwetu kutia nuruni dhambi kuliko kutia nuruni njaa. Mtu atasema, "Nilimkasirikia mke wangu," wala hatasema kwamba walikasirikiana kwa sababu barua ya mwenye nyumba ilikuwa mezani. Dhambi iliyosamehewa inaleta wimbo. Kodi isiyolipwa inaleta haya.

Na haya hiyo tumeipata wapi? Haikutoka kwa Bwana wetu. Alikwenda kisimani akiwa na kiu akasema ana haja ya maji, tena kwa Msamaria, tena kwa mwanamke. Alikula nyumbani kwa Martha, akapanda punda wa kuazima, akazikwa katika kaburi la mtu mwingine. Msalabani alisema ana kiu, na waliokuwapo walisikia. Mtume Paulo naye, mfungwa, aliwaandikia Wafilipi kuwashukuru kwa msaada walioutuma, na katika sura ya 4 anawaambia kwamba walifanya vema kushiriki taabu yake. Wangeshirikije kama asingejulikana kuwa na taabu?

Ndugu yangu unayenisikiliza, uliyekopa tena jana usiku wakati watoto wamelala: yuko mtu mmoja katika kanisa lako ambaye angekuja na sufuria kama angejua. Umtafute leo. Nawe ambaye una akiba kidogo, usingoje mwenzako alie usiku. Nenda ukale naye, na umtajie la kwako.

Tuombe. Bwana Yesu, uliyeona kiu kisimani, wako watu wako asubuhi hii wanaosikiliza redio huku moto haujawashwa. Unawajua kwa majina. Mpeleke mtu mlangoni pao kabla jua halijatua. Amina.