Kidole Kinachosambaza: Maneno kwa Wakazi wa Kitengela na Kajiado Kuhusu Unyanyasaji wa Mtandaoni



Kitengela ni mji wa watu waliotoka kila pembe ya Kenya. Katika ploti nyingi, jirani hajui jirani yake anaitwa nani, lakini wote wamo katika grupu moja la WhatsApp: la maji, la usalama, la chama, la kanisa au la wazazi wa darasa. Magrupu hayo yana faida. Mtoto akipotea, habari hufika Isinya kabla mzazi hajamaliza kuandikisha ripoti. Hata hivyo, njia hiyo hiyo ndiyo inayotumika kumvunja mtu.

Chukueni mfano wa msichana wa kidato cha pili. Kijana waliyekosana anatuma picha yake ya faragha kwa rafiki mmoja. Rafiki anaipeleka kwenye grupu la wanafunzi. Kufikia jioni, mama yake anatumiwa picha hiyo na mshirika mwenzake wa kanisani, pamoja na maneno, "Huyu si wako?" Aliyeanzisha ni mmoja. Walioifikisha kwa mama ni wengi, na kila mmoja atasema yeye alipitisha tu.

Sheria haimwondolei lawama aliyepitisha. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya 2018 kinamgusa yeyote anayetuma, kuchapisha au kusambaza picha ya faragha ya mtu mwingine. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 200,000, kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Kifungu cha 27 cha sheria hiyo kinamruhusu anayenyanyaswa mtandaoni kuomba amri ya mahakama ya kumzuia mnyanyasaji, na mtu mwingine anaweza kuomba kwa niaba yake.

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Siku hizi kidole ndicho ulimi. Matusi ya sokoni Noonkopir huishia pale pale, na wazee wakiketi hupatanisha. Matusi ya simu hulala na mtoto kitandani, na asubuhi humsubiri shuleni.

Wazazi wengi wakigundua jambo hili hufanya mambo mawili: humpiga mtoto na kumnyang'anya simu, kisha hufuta kila kitu kwa aibu. La kwanza humfundisha mtoto kuficha atakaposhambuliwa tena. La pili huangamiza ushahidi. Mtoto aliyekuja kusema mwenyewe asikilizwe kwanza. Maswali ya kwa nini alipigwa picha yatapata wakati wake.

Ujumbe wa matusi au vitisho ukifika, usijibu. Piga skrinshoti zinazoonyesha namba au jina la akaunti, tarehe na saa. Baada ya hapo, zuia namba hiyo na uripoti akaunti kwa wenye mtandao husika. Anayedai pesa ili asitoe picha asilipwe, kwa maana anayelipa mara moja huombwa tena.

Ikiwa picha ya faragha ni ya mtoto, isitumwe kwa mtu yeyote, hata kwa mwalimu au chifu, kwa kisingizio cha ushahidi. Peleka simu yenyewe kituo cha polisi kilicho karibu, na uombe namba ya OB.

Wasimamizi wa magrupu nao wana kazi. Picha ya kumdhalilisha mtu ikiingia, msimamizi aiondoe papo hapo na kumwonya aliyeiweka mbele ya wote. Grupu likinyamaza, aliyeituma huona amepewa ruhusa.

Ninyi vijana, rafiki anayechekwa mtandaoni hahitaji mtu wa kumpigania kwa matusi mengine. Anahitaji mmoja wa kumwambia, "Nimeona, na siko nao," kisha aende naye kwa mtu mzima anayemwamini. Na yeyote anayesema heri afe asiachwe peke yake hata kidogo. Afikishwe hospitalini siku hiyo hiyo.

Msaada upo. Namba 116 ya Childline Kenya ni ya watoto na yeyote mwenye wasiwasi juu ya mtoto. Namba 1195 ni ya waathiriwa wa dhuluma za kijinsia. Zote mbili hupigwa bure, usiku na mchana. Walio Bissil, Namanga, Ngong au Loitokitok wana haki ile ile ya kusikilizwa kama walio Kitengela.

Picha ya mtoto wa mwenzako ikikufikia leo jioni, iishie kwako. Kisha umtafute mzazi wake, umweleze kwa siri na kwa heshima, kama ambavyo ungependa kuelezwa.