Si Kila Uvimbe wa Tumbo ni Saratani

Leo tuzungumze juu ya msichana anayeshiba kwa matonge mawili ya ugali, anatapika baada ya kula, anakonda, na ukimgusa chini ya mbavu unasikia kitu kigumu. Majirani watakwambia ni saratani, au amerogwa.

Sababu ni nyingi. Moja ambayo watu hawaitaji ni nywele. Ndiyo, nywele! Wako watoto, hasa wasichana, ambao hung'oa nywele zao na kuzimeza kwa siri. Nywele hazisagiki. Hunasa tumboni, hushikamana na chakula, na baada ya miezi au miaka huwa donge linaloweza kujaza mfuko wote wa chakula.

Kwa mkono ni vigumu kulitofautisha na uvimbe wa saratani. Altrasaundi nayo huzuiwa na hewa iliyonaswa ndani ya nywele. Hapo daktari huagiza CT skani. Mashine hii hupiga eksirei kutoka pande zote, kisha kompyuta huonyesha tumbo kipande kwa kipande, kama mkate uliokatwa. Donge la nywele huonekana limekaa peke yake, lina vipovu vya hewa, halikushikana na ukuta wa tumbo. Uvimbe ulioota hutoka ukutani, na kwa kuwa una mishipa ya damu, mara nyingi hung'aa mgonjwa akidungwa dawa ya rangi. Hata huo si lazima uwe saratani. Hukatwa kipande kidogo kikapimwe maabara.

Donge kubwa la nywele hutolewa kwa upasuaji. Lakini mtoto asiposaidiwa kuacha kung'oa nywele, laweza kurudi. Usimchape wala kumcheka. Omba aonane na mshauri nasaha.

Ukiona sehemu za kichwa hazina nywele, mwambie daktari. Akina mama wengi huona aibu, na daktari anabaki kubahatisha. Kabla ya picha, sema kama mtoto ana pumu, ugonjwa wa figo, au aliwahi kudhuriwa na dawa; na msichana mkubwa aulizwe kama huenda ana mimba. Uliza akae bila kula kwa saa ngapi. Ukipewa picha, itunze: miale ya CT ni mingi kuliko ya eksirei ya kawaida, na hospitali nyingine ikiiona huenda isihitaji kurudia.