CHAMA CHA MTAA HUJENGWA WAKATI WA KIANGAZI

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanachama)



Tumeombwa tuseme maneno machache juu ya kamati ya mtaa wetu wa Garissa, ukingoni mwa mto Tana. Labda mtu atauliza: reli haijafika Garissa, basi mambo ya huko yatuhusu nini? Jibu letu ni hili. Sisi tuliotoka kule, kazi yetu iko kwenye reli, lakini wazee wetu, wake zetu na watoto wetu wako ukingoni. Mshahara wa reli ndio unaojenga nyumba zile, na maji ya Tana ndiyo yanayozichukua. Tena, desturi ya mkutano, ya daftari na ya kura tulijifunza katika chama hiki. Kwa hiyo ni haki tuwaletee habari ya yale tuliyoyafanya kwa mafunzo hayo, mema na mabaya.

Kwanza mjue mahali penyewe. Garissa ni nchi kavu, mvua yake ni haba. Maji ya Tana yatoka mbali, katika milima ya Nyandarua na Mlima Kenya. Kwa sababu hiyo mto waweza kufurika huku juu yetu hakuna hata wingu. Huko juu yako mabwawa 5 ya umeme yaliyofuatana: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Kindaruma ndilo la kwanza, lilimalizika mwaka 1968; Masinga, lililo kubwa kuliko yote, mwaka 1981. Mvua ya bara ikizidi, Masinga hujaa hata maji hupita juu yake, nayo huteremka mpaka kwetu. Wazee wataja mafuriko ya 1961. Sisi wenyewe tulikuwa watoto yalipokuja yale ya 1997, na tangu hapo tumeona ya 2018, ya 2023 na ya 2024.

Lakini msidhani mto ni adui. Ndio unaotulisha. Wenye mikokoteni ya punda huchota maji na kuyauza mjini. Wenye mashamba hupiga maji kwa pampu wakapata ndizi, maembe na matikiti. Wafugaji huleta ngombe na ngamia kunywa kwa njia zao za kushukia mtoni, ambazo kwetu huitwa malka. Watu wote hao, Wasomali, Wamunyoyaya, Wapokomo, Wamalakote, Wakamba na wengine, wanatumia ukingo mmoja. Ndiyo sababu kamati ilihitajiwa.

Kazi yetu ya kwanza ilikuwa malka. Mwenye shamba alikuwa akisogeza ua wake hatua mbili kila mwaka, mpaka njia ya ngombe ikawa nyembamba, na ngombe wakaingia katika ndizi. Kila mtu akasema yeye ndiye aliyeonewa. Kamati iliwaita wazee wa pande zote mbili, wakatembea njia ile kwa miguu, wakapigilia vigingi. Jambo hilo ni dogo machoni pa mgeni. Lakini ndugu, kumbukeni delta ya Tana. Kuanzia Agosti 2012 hata Januari 2013 watu zaidi ya 100 waliuawa kule katika vita vya Wapokomo na Waorma, na ugomvi wa malisho, mashamba na maji ulikuwa miongoni mwa sababu zake. Kigingi kimoja kilichokubaliwa na wote ni rahisi kuliko kaburi moja.

Kazi ya pili ilikuwa mamba. Tuliweka ua wa miti na miiba mahali pa kuteka maji, ili mama zetu na watoto wasishikwe. Kila nyumba ilitoa fito na mtu mmoja wa kufanya kazi. Ua ulisimama, na watu wakaisifu kamati.

Sasa twaja kwenye aibu yetu, na hatutaificha.

Baada ya mafuriko ya 2018 tuliandika orodha ya nyumba zote za ukingoni: jina la mwenye nyumba, hesabu ya watoto, wazee na wagonjwa. Orodha ilikuwa nzuri. Kisha maji yakapungua, jua likawaka, na kamati ikalala. Mkutano ukaahirishwa mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu hakuna aliyeuliza. Sisi wa reli tukirudi likizo tuliona daftari limefungwa, tukasema, “Mambo ni mazuri, hakuna shida.” Ada ya mwezi tukaacha kutoa.

Mwezi wa Novemba 2023 mto ukaja. Barabara ya Nairobi ilikatika upande wa Madogo, na watu wakahamia mahali palipoinuka. Chakula cha msaada kilipofika, wagawaji wakauliza orodha. Tukawapa ile ya 2018. Majina yakasomwa kwa sauti mbele ya watu wote. Jina la tatu lilikuwa la mzee aliyekwisha kufa. Jina la saba, nyumba ile ilihama zamani. Na palikuwapo mjane mmoja, aliyehamia mtaani mwaka 2020 pamoja na watoto wanne, ambaye jina lake halikusomwa kabisa. Alingoja mpaka mwisho. Hakupiga kelele. Aliinua ndoo yake tupu, akawashika watoto mkono, akaondoka. Majirani walimpa unga usiku ule, lakini si kamati iliyompa. Mjane yule alikuwa amepiga fito pamoja nasi katika kutengeneza ua wa mamba.

Ndugu, hakuna mkubwa yeyote aliyemnyima mama yule. Tulimnyima sisi.

Halafu mto haukutungoja tujirekebishe. Mwisho wa Aprili 2024 maji yalirudi, barabara ikakatika tena, na watu wakavuka kwa mashua. Tarehe 28 Aprili mashua moja ilizama huko Kona Punda. Watu 23 waliokolewa, na wengine walikufa.

Sisi watu wa njia ya reli twalijua somo hili. Mtu wa genge hutembea juu ya mataruma asubuhi, akiangalia msumari uliolegea na kalavati lililoziba. Hangoji gari lianguke ndipo aangalie. Siku anayorudi bila kuona kosa si siku iliyopotea. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa hiyo tumekata shauri mambo matatu, nasi twawaeleza ili mtuulize mwakani kama tumeyashika.

Kwanza, kamati hukutana kila mwezi, hata kama hakuna shauri. Orodha husomwa yote kila baada ya miezi mitatu. Aliyehama hufutwa, aliyehamia huandikwa, awe wa kabila gani au dini gani, awe mwenye nyumba au mpangaji.

Pili, wako vijana wawili wa zamu wanaoutazama mto na kuuliza habari za mabwawa wakati wa mvua za bara. Wakipata onyo, wanajua nyumba za kuanza: za wagonjwa, za wazee, na za mama wenye watoto wachanga.

Tatu, fedha husomwa hadharani, iliyoingia na iliyotoka, hata kama ni shilingi 20 ya kalamu. Na daftari halikai kwa mtu mmoja; nakala ya pili iko kwa mwingine.

Juu ya jambo hili la mwisho, kumbukeni habari za Mombasa. Januari 1947 wafanya kazi wapata 15,000, wa bandari, wa reli na wengineo, waligoma pamoja, na Chege Kibachia akawa kiongozi wa shirikisho lao. Agosti mwaka ule ule Serikali ya kikoloni ilimkamata ikampeleka kizuizini, na shirikisho likadhoofika. Alikuwa mtu hodari. Lakini chama kikikaa katika kichwa cha mtu mmoja, akiondoka huondoka nacho.

Twamaliza. Wako kati yenu wanaotoka Budalangi, Nyando, Tana chini na penginepo penye maji. Likizo yenu ikija, msiulize tu habari za ngombe na mahindi. Ulizeni daftari la mtaa liko wapi, na mara ya mwisho lilifunguliwa lini.

Mjane yule sasa yumo katika kamati. Yeye ndiye anayesoma orodha, na akimaliza huuliza, “Nani hakusikia jina lake?” Kisha hungoja kidogo kabla ya kulifunga daftari.