Nisome Nini, Mwalimu? Maandishi ya Kumfaa Mzazi wa Mtoto Mwenye Kipaji

Swali nililopewa leo ni lile ambalo wazazi wengi mmewahi kuniuliza mkiwa mmesimama mlangoni mwa darasa, mtoto mmemshika mkono: "Mwalimu, huyu anashika mambo haraka kuliko wenzake. Mimi nisome nini ili nisimharibu?" Nalipenda sana hilo neno la mwisho. Mzazi anayeogopa kumharibu mwanawe amekwisha kuanza vizuri. Lakini kabla sijataja kitabu chochote, niruhusuni nieleze jinsi mimi mwenyewe nilivyokaribia kumharibu mmoja.

Alikuwa binti wa darasa la tatu. Mama yake alikuja kulalamika kwamba kila jioni mtoto anachukua simu na kazi za nyumbani hafanyi. Sikuuliza simu anaifanyia nini. Nilimwambia mama amnyang'anye, naye akamnyang'anya. Wiki mbili baadaye, nikiwa nasahihisha madaftari, nikakuta kwenye kurasa za mwisho za daftari lake la Hisabati safu tatu zilizopigwa kwa rula: tarehe, pesa, yuniti. Alikuwa ananakili meseji za LUKU, yaani za kununua umeme, kutoka kwenye simu ya mama. Miezi mitano, mstari kwa mstari. Baadhi ya mistari ameizungushia duara kwa kalamu nyekundu, na chini ameandika: "Kwa nini mara ya kwanza ya mwezi tunapata chache?" Pesa ni ileile elfu tano, yuniti pungufu, kila mwezi unapoanza. Mtoto wa miaka tisa alikuwa ameiona kodi ya jengo, ile iliyoanza kukatwa kwenye umeme mwaka 2021, bila kuambiwa na yeyote kwamba ipo. Na aliyeagiza anyang'anywe simu ni mwalimu wake.

Tangu siku ile nimebadili namna ninavyowachagulia wazazi vitu vya kusoma. Andiko linalomfaa mzazi ni lile ambalo akilifunga atageuka kumtazama mtoto na kusikia anachouliza. Andiko linalomfanya ahesabu tu mtoto kawa wa ngapi linamziba masikio, hata likiwa na jalada la kupendeza na limeandikwa na profesa. Haya nitakayoyataja nimeyapitisha kwenye chujio hilo.

La kwanza si kitabu. Ni makala ya kurasa chache iliyotoka mwaka 1969 katika jarida la Physics Education, na mmoja wa waandishi wake wawili ni Mtanzania, Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu katika shule ya sekondari Magamba. Wanafunzi walikuwa na mazoea ya kutengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanasubiri yapoe, ndipo wanayaweka kwenye jokofu. Nafasi ilikuwa haba na wanaoigombea wengi. Siku moja Mpemba alimwona mwenzake anakimbilia kuweka maziwa ambayo hata hakuyachemsha. Kwa kuhofia kukosa trei iliyobaki, akaweka ya kwake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu, maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado. Alipomuuliza mwalimu wa fizikia, akaambiwa amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani.

Akalibeba swali lake. Likizo moja huko Tanga, rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu alimwambia kwamba hata yeye huweka mchanganyiko wa moto ili ugande upesi. Alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu, akauliza tena. Mwalimu akamjibu kwamba hiyo labda ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Darasa likaliokota neno hilo, na kila alipokosea wakamtania kwalo. Kisha Dakta Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam akaja shuleni kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akasimama akauliza swali lilelile. Wenzake wakacheka. Osborne hakucheka. Alitaka kujua kama kweli kijana amelijaribu, kisha akaahidi kwenda kulijaribu mwenyewe. Akaenda, akajaribu, na makala ikaandikwa kwa majina ya wote wawili.

Nawaomba muisome makala hii kwa sababu sehemu ya kwanza ameiandika Mpemba mwenyewe, kwa maneno ya kawaida, na mzazi anapata kusikia kutoka ndani jinsi inavyokuwa kuchekwa ukiwa na swali la kweli. Watazameni watu wazima waliomo. Mwalimu alijua sana na hakusikia. Muuza aiskrimu alijua kwa mikono yake, akamthibitishia. Mgeni kutoka chuo kikuu hakujua, akakubali kwamba hajui. Nyumbani kwetu, kwa siku moja tu, mzazi anaweza kuwa yeyote kati ya hao. Wanasayansi wangali wanabishana kuhusu jambo lenyewe, na mwaka 2016 yalichapishwa majaribio mapya ambayo hayakuliona. Kwangu hilo halimpunguzii Mpemba hata chembe. Swali la kijana wa sekondari lililowashughulisha wataalamu zaidi ya miaka 50 ni swali lililostahili kusikilizwa siku ya kwanza.

Jambo la pili ni sifa tunazowapa watoto, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo wazazi wema wanapokosea kwa upendo. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck wa Marekani walieleza majaribio waliyofanya na watoto wa darasa la tano. Watoto walipewa mafumbo rahisi, wakafaulu. Kundi moja likaambiwa lina akili sana, lingine likaambiwa limejitahidi sana. Kisha wote wakapewa mafumbo magumu, wakashindwa. Waliosifiwa kwa akili walikata tamaa upesi, wakapoteza hamu, na waliporudishwa kwenye mafumbo mepesi wakafanya vibaya kuliko mwanzo. Walipotakiwa kumwandikia mtoto mwingine wasiyemjua alama walizopata, wengi zaidi katika kundi hilo waliongeza alama zao. Yaani walidanganya.

Fikirini hapo. Sisi sifa hiyo tunaitoa barazani, mbele ya wajomba na mashangazi: "Huyu ni kichwa!" Mtoto anasikia. Anaelewa kwamba anapendwa kwa hicho kichwa. Siku akikutana na kitu ambacho kichwa hakikipati mara moja, hana pa kujificha ila kwenye uongo, au kujitia uvivu, maana mvivu bado anaweza kudhaniwa ana akili. Dweck aliyafanya mawazo haya kitabu mwaka 2006, kinachoitwa Mindset. Kina makelele kidogo kwa kupenda kwangu, na tafiti zilizofuata zimeonyesha kwamba kuwafundisha watoto wazo hilo kunainua alama kwa kiasi kidogo kuliko ilivyotangazwa. Sura zinazohusu sifa na wazazi ndizo ninazopendekeza. Zilizobaki mnaweza kuzipitia juu juu.

Sasa vipimo vya akili. Baadhi yenu mmeniletea majibu ya vipimo mlivyolipia mjini, au vya bure kwenye simu. Someni habari za Lewis Terman. Kuanzia mwaka 1921, huko California, alichagua kwa vipimo watoto wapatao 1,500 aliowaona kuwa na akili za juu kabisa, akawafuatilia hadi utu uzima. Wengi waliishi maisha mazuri. Lakini wawili waliopimwa wakaachwa, William Shockley na Luis Alvarez, ndio waliokuja kupata Tuzo ya Nobel ya fizikia, mmoja mwaka 1956 na mwingine mwaka 1968. Katika wale waliochaguliwa hakuna aliyeipata.

Na karibu na kwetu kuna kazi ambayo naitamani ijulikane zaidi. Watafiti waliokuwa na Robert Sternberg na Elena Grigorenko walifanya kazi vijijini kando ya Ziwa Victoria, upande wa Kenya, miongoni mwa Wajaluo, na kuichapisha mwaka 2001. Walikuta kwamba watu wa pale hawana neno moja la akili kama la shuleni. Wanayo manne. Rieko ni maarifa na ujuzi; luoro ni heshima na kujali wengine; winjo ni kuelewa la kufanya jambo linapotokea; paro ni kufikiri na kuanzisha. Wakawapima pia watoto ujuzi wao wa dawa za miti shamba zinazotumika kutibu minyoo na maradhi mengine ya hapo. Waliojua zaidi dawa hizo walielekea kupata alama za chini katika vipimo vya msamiati wa shule. Wajaluo wenzetu wa Rorya waliopo hapa hawahitaji kutafsiriwa maneno yale. Mtoto anayemjua kila mbuzi kwa sauti yake, na bibi akiumwa anajua jani gani likachumwe, anaweza kuwa na kipaji ambacho karatasi ya mtihani haikiulizi.

Nayasema haya nikijua kwamba wengi hapa macho yenu yako Ilboru, Mzumbe, Kibaha, Tabora, Kilakala na Msalato. Ni shule nzuri za vipaji maalumu na sina neno nazo. Ila mlango wake hufunguka baada ya shule ya msingi, na mtoto wako ana miaka minane. Miaka iliyo katikati ni ya kwenu nyumbani, na kuijaza yote tuisheni ni hasara.

Kuhusu miaka hiyo ya mwanzo, Benjamin Bloom na wenzake waliwahoji watu 120 waliofika mbali sana: wapiga piano, waogeleaji, wacheza tenisi, wachongaji, wanahisabati na watafiti wa ubongo. Kitabu kikatoka mwaka 1985. Kilichonigusa ni habari za walimu wao wa kwanza. Kwa kawaida hawakuwa mabingwa. Mara nyingi mwalimu huyo alikuwa jirani, au mtu wa mtaani mwenye upole, aliyefanya somo liwe mchezo hadi mtoto akaupenda. Ukali wa ufundi ulikuja baadaye, mtoto akiwa amekwisha kupenda. Sisi tunaanza na ukali, kisha tunashangaa mtoto wa kidato cha pili hataki kuliona daftari.

Kuna kitabu kimoja ambacho jina lake huwapoteza wazazi. Alice Miller alikiandika kwa Kijerumani mwaka 1979, na kwa Kiingereza kinajulikana kama The Drama of the Gifted Child. Mzazi anakikuta kwa wauza vitabu vya mitumba, anaona habari ya mtoto mwenye kipaji, ananunua. Hakisemi lolote kuhusu hesabu wala kusoma mapema. Kinazungumzia mtoto anayejifunza kuficha hisia zake ili awe vile mzazi anavyohitaji. Ni kichungu, na kwa sehemu kinawalaumu mama kupita kiasi. Hata hivyo, kama uliwahi kutaka kuwa daktari ukakosa, na sasa unamwambia kila mgeni kwamba mwanao atakuwa daktari, kisome. Wenye mtoto anayekokotoa kama mtu mzima na kulilia penseli iliyovunjika kama mtoto wa miaka mitatu, tafuteni kitabu cha Ellen Winner cha mwaka 1996. Anaeleza vizuri kwamba vipaji hukua kwa mapande, na kwamba kuwa mbele katika jambo moja hakumfanyi mtoto awe mbele katika yote.

Najua mtakachosema: karibu vyote hivi ni vya Kiingereza. Ni kweli, na inauma. Maandishi ya Kiswahili kwa mzazi wa mtoto wa namna hii ni machache mno, na walimu tunaohudhuria semina kama hizi tuna deni hapo. Kwa sasa nimeitafsiri sehemu ya Mpemba kwa mkono, nakala ziko kwa mwalimu mkuu. Kwa vitabu, tumieni watu. Mwenye kijana wa kidato cha nne amwombe asome sura moja na kuisimulia kwa Kiswahili wakati wa chakula, mdogo wake akisikiliza. William Kamkwamba wa Malawi alipoacha shule kwa kukosa ada, akiwa na miaka 14, Kiingereza chake kilikuwa kidogo. Katika maktaba ndogo ya kijijini alikuta kitabu cha nishati chenye picha za vinu vya upepo. Aliifuata michoro, akauliza maneno asiyoyajua, na kwa vipande vya baiskeli na miti akawasha taa nyumbani kwao. Kitabu chake cha mwaka 2009 kisomeni pamoja na watoto wakubwa. Mtazameni baba yake hasa, mkulima ambaye hakuelewa mwanawe anaunda nini, akamwacha aunde.

Kwa wadogo, vipo vitabu vya Kiswahili vilivyotokana na Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza mwaka 1991, na hadithi za bure za African Storybook zinazosomeka hata kwenye simu. Simu, ndiyo. Yule binti wa LUKU alirudishiwa ya mama yake nusu saa kila jioni, na mimi nilimwomba radhi mbele ya mama. Akanijibu kwamba bado sijajibu swali. Tukaenda pamoja kwa mtendaji wa mtaa, akatusomea makato yote, naye akayaandika katika safu ya nne.

Kwenye viti vyenu kuna karatasi na kalamu. Kabla ya chai, kila mmoja aandike swali moja ambalo mwanawe aliuliza wiki hii, kwa maneno yaleyale ya mtoto, bila kulinyoosha. Anayekosa la kuandika aache karatasi tupu na jina lake, nitakaa naye. Majadiliano tutayaanzia kwenye hizo karatasi.