Karakana Yetu: Tuanze na Shamba, Mabati Baadaye

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya maendeleo, Kitui)



Katika kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 13, tunasoma kwamba Israeli nzima haikuwa na mhunzi. Mtu akitaka kunoa jembe au shoka, ilibidi ateremke kwa Wafilisti, tena alipe. Je, sisi tuna tofauti gani? Mvua ya Novemba inaanza, plau inavunjika, mwenye shamba anashika njia kwenda mjini. Akirudi siku ya tatu, jirani ameshapanda na udongo unakauka. Ndiyo sababu tunataka karakana yetu wenyewe.

Lakini tusikimbilie kununua mabati. Tuulizane kwanza: shamba tutakalojengea ni la nani?

Vikundi vingi hupewa mahali kwa neno la mdomo. Mzee mwema anasema, "Jengeni hapa kwangu, hakuna shida." Akifariki, watoto wanataka urithi wao, na kikundi kinabaki nje na mashine zake. Hatuwezi kuwalaumu watoto, kwa maana hakuna karatasi.

Basi tufanye hivi:

1. Tuongee na jamaa yote, mke na watoto wakiwepo.

2. Tuandike mapatano: kipande gani, miaka mingapi, na jengo litakuwa la nani muda ukiisha. Yasiandikwe kwa jina la mwenyekiti peke yake.

3. Twende Bodi ya Ardhi. Mahali penye sheria ya kusimamia mashamba ya kilimo (Sura 302), kuuza, kukodisha au kuhamisha shamba kunahitaji kibali cha Bodi. Ombi lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu kupatana. Bila kibali, mapatano ni bure.

Hapo ndipo tupange jengo. Mlango uwe mpana, mkokoteni uingie. Mahali pa kuchomelea pawe mbali na nyasi na mafuta. Pipa lililokuwa na petroli lisichomelewe hata likionekana tupu, kwa sababu mvuke uliobaki ndani hulipuka na kuua. Mafuta machafu yawekwe kwenye mtungi, yasimwagwe karibu na kisima.

Na vyombo je? Wengine wanataka mashine ya kuchomelea kabla ya kitu chochote. Sisi twasema tuhesabu kwanza. Ni plau ngapi zimelala nyumbani? Wilbaro ngapi, pampu za dawa ngapi, baiskeli ngapi? Pengine kazi ya kwanza itahitaji nyundo, spana na msumeno wa chuma tu. Stima itafuata. Na kila shilingi iandikwe, maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Tunawaomba kila kikundi kije mkutano ujao na orodha ya vyombo vilivyoharibika. Na mwenye kutoa shamba aje na jamaa yake.