Kabla ya Kuweka Nyumba Rehani

Maneno yaliyosemwa na Afisa Maendeleo ya Jamii katika mkutano wa wakazi wa kata



Nimeombwa niseme juu ya mikopo, hasa ile ambayo wananchi wenyewe wameipa jina la kausha damu. Sikuja kuwakataza kukopa. Mkulima wa Ufipa anapoingia msimu wa kupanda mwezi wa Novemba, fedha za mavuno yaliyopita zimekwisha kwenye ada za shule na matibabu, na mbolea inatakiwa sasa, si Julai. Wazee wetu walilima kwa intumba, majani yakafukiwa yakaoza yakawa mbolea, wala hapakuwa na mtu wa kumdai mkulima mfuko wa urea. Siku hizi shamba la mahindi linadai fedha kabla halijatoa hata bua moja. Kukopa ni jambo la kawaida. Ninachotaka tukitazame ni bei ya mkopo, na kile tunachokiweka mezani tunapouchukua.

Bei ya mkopo haimo katika riba peke yake. Tuseme mtu amekopa shilingi 1,000,000 kwa miezi sita. Benki Kuu ya Tanzania imewawekea wakopeshaji wasiopokea amana ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Ikiwa riba hiyo inahesabiwa juu ya deni linalobaki kila mwezi, na deni linapungua kwa mafungu yaliyo sawa, atalipa riba ya shilingi 122,500 kwa miezi yote sita. Lakini ikiwa asilimia ile ile inahesabiwa juu ya shilingi 1,000,000 nzima kila mwezi, hata baada ya kurejesha nusu, riba inakuwa shilingi 210,000. Asilimia haikubadilika, kilichobadilika ni namna ya kuhesabu, nayo imemgharimu shilingi 87,500.

Sasa mchukulieni mkopeshaji asiye na leseni anayetoza asilimia 20 kwa mwezi juu ya mkopo mzima. Kwa miezi sita hiyo ni riba ya shilingi 1,200,000, kubwa kuliko mkopo wenyewe. Na kabla hata hajatoa fedha anakata ya fomu, ya kuchakata mkopo, ya bima ambayo mkopaji haoneshwi hati yake. Mtu anatia sahihi ya milioni moja, anaondoka na laki tisa, lakini riba inahesabiwa kwa milioni. Kila mkato una jina zuri. Ulizeni jina hilo linalipia nini, na mdai risiti.

Kuna na mkopo usio na karatasi kabisa. Januari, chakula kikiwa haba nyumbani, mtu anachukua shilingi 40,000 kwa ahadi ya kutoa gunia la mahindi baada ya mavuno. Gunia hilo likiuzwa shilingi 70,000, amelipa 30,000 juu ya 40,000 kwa nusu mwaka, na hakuna aliyetamka neno riba. Mwaka ambao bei inapanda, hasara yake inazidi. Huyu hata kulalamika anaona haya, maana aliyemkopesha ni jirani, na huenda ni shemeji yake.

Nije kwenye nyumba. Hapa naomba msikilize kwa makini, kwa sababu ndipo tunapoona machozi ofisini.

Rehani ni jambo halali, nayo Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 imeiwekea taratibu zake. Mkopaji akishindwa kulipa, mkopeshaji anatakiwa kwanza ampe notisi ya maandishi inayoeleza kosa na kiasi kinachodaiwa, na mkopaji ana siku 60 tangu aipokee kabla mkopeshaji hajapata haki ya kuuza. Mnada wa ardhi nao unatanguliwa na tangazo la siku zisizopungua 14, katika mji mkuu wa wilaya na mahali pa mnada, na tangazo hilo lazima liwe kwa Kiswahili pia. Bei haiwi ya kutupa: nyumba ikiuzwa kwa asilimia 25 au zaidi chini ya bei ya kawaida ya soko ya nyumba za aina hiyo, sheria inachukulia kwamba mkopeshaji amevunja wajibu wake, mpaka yeye mwenyewe athibitishe vinginevyo. Kama nyumba ni ya familia, mwenzi wa ndoa lazima aridhie rehani hiyo. Mume anayejaza fomu kwamba hajaoa, ilhali mke yuko nyumbani anapukuchua mahindi, ametenda kosa la jinai.

Kinga hizi ni nzito, na baadhi ya wakopeshaji wanazijua kuliko sisi. Ndiyo maana wanazikwepa. Badala ya hati ya rehani, mkopaji anaandikiwa mkataba wa mauziano: kwamba amemuuzia fulani nyumba au shamba, na fedha amepokea zote. Anaambiwa, «Ni utaratibu tu wa ofisi, ukilipa tunauchana.» Akichelewa wiki mbili, mkopeshaji anakuja na mkataba wa mauzo, anadai eneo ni lake. Hapo hakuna siku 60, hakuna tangazo, hakuna mnada. Kuna mtu anayesema alinunua, na mashahidi waliotia sahihi. Kuyafumua maneno hayo mbele ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kunawezekana, lakini ni kazi ndefu, na huanza mkopaji akiwa tayari ameandika kwa mkono wake kwamba aliuza. Nawaomba wenyeviti wa vijiji na vitongoji, mnapoletewa mkataba wa mauziano mgonge muhuri, muulizeni muuzaji peke yake, mnunuzi akiwa nje: unauza, au unakopa? Na mwenzi wako anajua?

Juu ya kutendewa vibaya nitasema kwa ufupi. Deni la mkopo ni dai la madai. Vijana waje na pikipiki wabebe godoro na sufuria bila amri ya mahakama na bila dalali anayetambulika, huo si ukusanyaji wa deni. Mtumishi anayemwachia mkopeshaji kadi yake ya benki pamoja na namba ya siri amevunja masharti ya benki yake, na mshahara wake ameuweka mkononi mwa mwingine. Wale wa simu wanaotuma ujumbe wa matusi kwa majina yote yaliyomo katika simu ya mkopaji, hata kwa mchungaji wake, wanagusa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo ya kidijitali zisizo na kibali.

Je, twende wapi? Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imewagawa watoa huduma katika madaraja manne. Wakopeshaji wasiopokea amana, wawe kampuni au mtu mmoja, wamo daraja la pili na leseni yao hutoka Benki Kuu. SACCOS zinasimamiwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Vikundi vyetu vya kuweka na kukopa vinasajiliwa hapa hapa halmashauri. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mkopeshaji yeyote ni hili: leseni yako iko wapi? Mwenye nayo huitundika ukutani wala hakasiriki akiulizwa. Ukiwa na lalamiko, lipeleke kwanza kwake kwa maandishi, ubaki na nakala. Asiposikia, lipeleke Benki Kuu. Tawi lake la karibu nasi liko Mbeya.

Na kabla ya hayo yote, ipo mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Haina riba. Ina masharti ya kikundi na andiko la mradi, na najua watu huchoshwa na safari za kufuatilia. Malalamiko hayo yana haki yake, na ni juu yetu watumishi kuyapunguza, kwa sababu kila mama anayekata tamaa mlangoni petu, kuna mtu anamsubiri na fomu ya dakika kumi.

Mwenye mkataba alioutia sahihi bila kuuelewa, au bila kupewa nakala, aje nao ofisi ya Mtendaji wa Kata, na risiti zote alizonazo, hata zilizochakaa. Tutausoma pamoja, mstari kwa mstari. Ndugu Mwenyekiti, sasa naomba wananchi waulize.