Hisa Zisizo na Soko: Tahadhari kwa Vyama vya Msingi

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama, Bagamoyo)



Fedha ya chama ni jasho la wanachama. Kwa hiyo chama kinapoletewa hisa za bei rahisi, shilingi 10 au 20 kwa hisa moja, hapana budi kiulize kwanza: siku fedha itakapohitajika, hisa hizo zitauzwa wapi?

Mvuvi wa Bagamoyo anapofikisha samaki mnadani, bei hutajwa kwa sauti na kila mtu husikia. Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza biashara tarehe 15 Aprili 1998, lina msingi huo huo. Maombi ya wauzaji na wanunuzi hukutanishwa, bei hutangazwa, na kampuni zilizoorodheshwa hutakiwa kutoa hesabu zake hadharani.

Zipo pia hisa zisizoorodheshwa, ambazo hakuna dalali anayetangaza bei yake. Biashara ya hisa hizo huitwa soko la kijivu. Si lazima iwe magendo, maana mtu aweza kuuza mali yake kwa halali. Lakini muuzaji na mnunuzi hupatana faraghani. Huko Marekani, hisa ya chini ya dola 5 kwa kawaida huhesabiwa kuwa hisa ya senti. Baadhi ya hisa hizo huangukia soko la kijivu baada ya serikali kusimamisha biashara yake kwa siku 10, kwa kuwa madalali hawaruhusiwi kuzitangazia bei tena mpaka taarifa za kampuni zihakikiwe.

Hatari yake ni hii. Watu wachache huweza kuuziana wao kwa wao, bei ikapanda kutoka shilingi 10 hadi 40. Chama kikinunua hisa 100,000 kwa bei hiyo, kitatoa shilingi 4,000,000. Kikitaka kuuza, kikampata mnunuzi mmoja tu anayetoa shilingi 8, kitarudishiwa 800,000. Wakulima wa korosho wanaifahamu hali hiyo kwa jina la kangomba: mazao hununuliwa nje ya mnada, na bei huipanga mnunuzi.

Hata hivyo, si kila hisa isiyoorodheshwa ni mbovu. Benki ya CRDB ilibinafsishwa mwaka 1996, na hisa zake zikaorodheshwa mwaka 2009. Mwenye hisa alihitaji subira ya miaka 13.

Basi katibu ahakikishe mambo matatu kabla ya malipo. Kwanza, muuzaji awe na kibali cha Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Pili, hesabu za kampuni zilizokaguliwa zisomwe mbele ya kamati. Tatu, kampuni ikubali kwa maandishi kuliandika jina la chama katika daftari la wanahisa, kwani risiti ya muuzaji peke yake haitoshi.

Majibu yaandikwe katika muhtasari wa kikao. Yasipopatikana yote matatu, fedha ya wanachama ibaki benki.